Mwaka wa Karata, Jikoni kwa Mama Joel

Siku tuliyomzika Mama Joel kule Kimulot, kwenye shamba alilonunua mwanawe, mvua ilianza kabla mchungaji hajamaliza, na wakati huo mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Walikuwa wamenitambulisha kama "mgeni wetu kutoka ng'ambo", ingawa nilirudi zamani na ninakaa Litein, katika nyumba ya mawe niliyoijenga kwa jasho langu, shule yangu ya kompyuta ikiwa chini na kitanda changu juu. Sikuwasahihisha. Kwa umri huu nimechoka kusahihisha watu. Nilisema kwamba marehemu alinilisha mwaka mzima bila kuniuliza nitaondoka lini, nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kusimama chini ya turubai karibu na Joel, mwanawe, ambaye alikuwa akitazama maji yakitiririka juu ya udongo mwekundu. "Umeongea kidogo," akaniambia. "Wewe wa kuongea kidogo? Ama unaumwa?" Nikamwambia nimezeeka. "Tumezeeka," akasema. Wanawake wa kanisa walikuwa wanapakua wali nyuma ya nyumba na mmoja wao akawa anagomba kwamba sahani za vikombe vya chai zimepotea. Niliposikia ugomvi ule, na harufu ya moshi wa kuni mbichi ikanipiga usoni, nikawa sipo Kimulot tena. Nikawa katika jiko moja dogo la kambi ya wachuma chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimekalia kopo la mafuta ya kupikia lililopinduliwa, naandika programu kwa penseli.

Watu wa huku wananijua kwa kompyuta, na sioni haja ya unyenyekevu wa uongo. Nina diploma, moja tu, na kwa hiyo diploma moja nimeketi ng'ambo katika vyumba vyenye watu wa digrii za uzamili, na wao ndio waliokuja mezani kwangu kuuliza kwa nini mfumo umekwama. Nilikuwa nikiwajibu bila kuinuka. Hakuna aliyenishika mkono kunifikisha huko. Sikuwa na mjomba serikalini wala mtu wa kupiga simu. Vijana ninaowafundisha sasa wanadhani yale niliyatoa kwenye chuo kikubwa chenye vioo. Wanashika simu zenye nguvu kuliko maabara yote tuliyosomea, na nikiwauliza klasi ya programu ni nini wananisomea maneno waliyoyanakili mahali. Zamani ningewakemea. Siku hizi ninavua miwani, naifuta, naanza upya.

Basi nianze upya hapa pia. Chuo chetu kilikuwa mjini Kericho, juu ya duka la pembejeo, na maabara ilinuka mbolea. Kompyuta zilikuwa zile za mgongo mkubwa, na umeme ukipotea ilibidi ufungue mlango ili upate mwanga wa kutokea. Mwaka wa mwisho tuligawiwa miradi wawili wawili. Mimi niliwekwa na Joel, kijana mrefu, mpole, kutoka kambi ya chai, ambaye watu wao walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma majani. Mradi wetu ulikuwa mchezo rahisi wa karata, ulioandikwa kwa klasi kadhaa zinazosaidiana, uweze kuchezwa toka mwanzo mpaka mwisho mbele ya mtahini atakayetoka nje. Wengine walipata duka, hospitali, maktaba. Sisi karata. Mwalimu alitueleza kwamba klasi ni mchoro wa kitu: inasema kitu hicho kinajua nini juu yake na kinaweza kufanya nini. Ukishakuwa na mchoro mmoja wa karata, unaweza kutengeneza karata hamsini na mbili kutoka kwake, kila moja na namba yake na rangi yake. Mimi nilielewa papo hapo. Joel aliuliza swali moja: "Mchezo gani wa karata?" Mwalimu akasema wowote mnaoujua. "Basi ni poka," Joel akasema, na kumbe mimi nilikuwa sijawahi kushika karata maishani.

Sikuwahi kwa sababu nililelewa katika imani ambayo karata ni njia fupi ya kwenda motoni. Mwaka ule nilikuwa nikikaa kwa Senge Rael, dada ya baba yangu, mzee wa kanisa, katika nyumba yake pembeni mwa mji. Ilikuwa nyumba safi kiasi cha kuogopesha. Viti vilivaa vitambaa vyeupe, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilikuwa na msumari wake ukutani, na kila Jumatano sebule ilijaa akina mama wa ushirika, mlango ukiachwa wazi ili majirani wasikie nyimbo. Joel alinipa pakiti yake ya karata nikajifunze rangi: kopa, uru, shupaza na maua. Niliiweka mfukoni mwa koti. Jumatano moja nikaombwa nilete sinia la vikombe, nikainama, na pakiti ikamwagika yote katikati ya ushirika. Wimbo ulikatika. Mfalme wa kopa aliangukia karibu na kiatu cha mke wa mchungaji, na yule mama akavuta mguu wake polepole kama mtu aliyeona nyoka.

"Kiprono," Senge akasema. "Hii ni nini?"

"Ni mradi wa chuo, senge."

"Chuo gani kinafundisha kamari?"

"Si kamari. Ni programu. Kila karata ni kitu kinachojua namba yake na—"

"Inajua?" mke wa mchungaji akauliza. "Karata inajua?"

Hapo nilijua nimeongeza kuni motoni. Senge alingoja wageni watoke. Hakupaza sauti, hajawahi kupaza sauti mpaka leo. Aliniwekea blanketi mbili ndani ya gunia, na chupa ya mursik, akasema, "Mimi sikufukuzi, mwana wa ndugu yangu. Ninafukuza hizo karata. Lakini naona mnatembea pamoja." Nilimweleza kwamba bila mradi hakuna diploma. Akanijibu kwamba nyumba ile iliombewa kabla ya kuezekwa. Kwa hiyo nilibeba gunia, nikapita katikati ya mashamba ya chai, kijani kitupu kilichokatwa sawasawa kama meza, mpaka kambini kwa akina Joel.

Nyumba zao zilikuwa safu za vyumba vya matofali, chumba kimoja kwa familia, na jiko la kuegemea nyuma. Chumba kiligawanywa na pazia la maua ya bluu. Upande mmoja kilikuwa kitanda cha Mama Joel, upande wa pili Joel na mimi tulilala miguu kwa kichwa, na baiskeli ikaning'inia juu yetu. Mama Joel alirudi kutoka shambani saa kumi hivi, vidole vimepakwa utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni, akaniona nimekaa na gunia langu. Hakuuliza. Alipika ugali wa wimbi na saga, ile mboga chungu ambayo Wakisii huchemsha na maziwa mpaka ilainike, akaniwekea sahani. Nilionja, uso ukajikunja. Akacheka. "Wewe Kipsigis, kula. Uchungu unaisha ukifika katikati." Ni kweli, uliisha katikati. Nimekula katika hoteli ambazo mtu hufunguliwa mlango na aliyevaa glavu, na bado naijua ladha ya ile sahani kuliko zote.

Siku chache baadaye, nikiwa nyuma ya pazia najifanya nimelala mchana, nilisikia jambo ambalo lilifanya mradi wetu uwe mzito. Aliingia Langat, mnyapara wa nyumba, mtu mfupi mwenye pete ya funguo kiunoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu wakaaji wa kambi na kupokea vyumba kutoka kwa waliostaafu.

"Mama Joel, nimetumwa."

"Kaa kwanza."

"Desemba ufunguo unarudi. Muda wako wa kazi umefika."

"Najua."

"Si mimi."

"Najua si wewe, Langat. Kunywa chai."

Kijiko kikagonga kikombe. Kisha Langat akauliza ataenda wapi, na Mama Joel akasema kwao hakuna hata kiwanja cha kusimamisha kuku. "Labda huyu kijana," akasema. Kiwandani walikuwa wamemwahidi Joel kazi ya karani katika ofisi ya kompyuta, ilimradi alete diploma kabla ya mwaka kwisha, na kazi ile ilikuja na nyumba. Mambo yalikuwa hivyo tu. Joel akifaulu, mama yake anabaki chini ya paa. Akikwama, mama anafungasha. Mimi sikuwa na wasiwasi juu ya alama zangu, nilikuwa wa kwanza darasani na kila mtu alilijua hilo, lakini alama ilikuwa ya wawili, na kuanzia alasiri ile sikuandika mstari hata mmoja bila kusikia kile kijiko.

Tulikwenda hatua kwa hatua. Kwanza Karata, klasi ndogo kabisa: namba na rangi, basi. Kisha Pakiti, yenye kazi ya kutengeneza karata zote, kuzichanganya, na kutoa moja ikiombwa. Kisha Mchezaji, anayeshika karata mkononi. Kisha Meza, inayojua zamu ni ya nani na karata gani iko juu. Tulizipa majina ya Kiswahili kwa sababu Joel alisema hawezi kufikiri haraka kwa lugha ya mtihani. Tuliandika kwa penseli nyuma ya maboksi ya katoni, halafu tukaenda kupiga chapa maabara. Mara ya kwanza wachezaji wawili wote walikuwa na mfalme wa kopa. Niligundua upesi: Pakiti ilikuwa ikitoa nakala ya karata bila kuiondoa, kama mama anayegawa mkate uleule kwa kila mtoto. Nilirekebisha kabla Joel hajamaliza kusoma kosa. Nilikuwa mwepesi wakati huo. Vidole vyangu vilitangulia mawazo ya watu.

Tulipofika kwenye sheria ndipo tulipogombana. Poka ya Kenya si kamari, watoto wote wanaijua: unafuata namba au rangi ya karata iliyo juu. Lakini mbili inamlisha anayefuata karata mbili, tatu inamlisha tatu, mfalme anarudisha zamu ilikotoka, nane ni swali linalotaka jibu, na kabla ya kumaliza lazima utangaze "niko kadi", la sivyo unaokota. Joel alitaka haya yote yakae ndani ya klasi ya Karata. "Mbili ni mbili," alisisitiza. "Inazaliwa na meno yake. Kwa nini isijue kwamba inauma?" Mimi nikasema sheria ziwe klasi yao peke yao. Sikuwa na sababu nzuri, nilijua tu, jinsi fundi anavyojua ukuta umeinama kabla ya kuleta timazi. Tuligombana wiki nzima. Tuliacha kuongea tukiwa tumelala kitanda kimoja, jambo ambalo si rahisi. Mama Joel alipitisha sahani juu ya vichwa vyetu, akasema, "Mkimaliza vita mniambie, nataka kufagia."

Jumapili ilitusuluhisha. Kila Jumapili mchana watu walicheza poka nyuma ya jiko letu, juu ya kreti, na mkali wao alikuwa Langat. Mtu asiyesema "niko kadi" Langat alimwokotesha bila kumtazama usoni. Niliwaomba wacheze kama programu: kila mmoja awe klasi moja, afanye kazi yake tu. Langat akawa Pakiti, anatoa karata akiombwa na hasemi lolote, jambo lililomtesa sana. Mimi nikawa Meza. Joel na jirani wakawa Wachezaji. Alikosekana Sheria. Mama Joel alikuwa ndani anachambua mboga. Yeye alikuwa Msabato na hakuwa amewahi kugusa karata.

"Mama, utakuwa Sheria," nikamwambia. "Hushiki kitu. Tunakuuliza tu kama inaruhusiwa."

"Sabato yangu ilikuwa jana," akasema. "Dhambi ya leo ni yenu. Ulizeni."

Akakaa kizingitini, mgongo kwetu, kapu la saga mapajani. Nikapaza sauti: juu kuna saba ya maua, Joel anataka kuweka saba ya uru. "Aweke." Juu kuna tano ya shupaza, jirani anataka tisa ya kopa. "Arudishe mkononi, anajua vizuri." Alikuwa amesikia michezo hiyo kupitia ukutani miaka yote, na alijibu bila kugeuka, majani yakianguka kapuni. Kisha jirani akaweka mbili, na Joel, ambaye alikuwa ameokota raundi tatu mfululizo, akanyoosha mkono kuomba karata.

"Mwache," Mama Joel akasema. "Huyo ameshaokota vya kutosha."

Langat akaruka. "Ai! Mama Joel! Sheria haina huruma!"

"Wewe ni Pakiti. Pakiti inaongea?"

"Lakini mbili ni mbili!"

"Basi tafuta sheria ingine. Hii inapika."

Tulicheka mpaka karata zikapeperuka. Lakini Joel hakucheka sana. Alikuwa anatazama kizingiti. Mchezo ulikuwa umebadilika, na hakuna karata iliyokuwa imebadilika. Jioni alichukua katoni mpya, akaandika juu yake "Sheria", akanipa penseli bila kusema neno. Mimi pia sikusema. Leo ningependa kudai kwamba nilinyamaza kwa hekima. Nilinyamaza kwa sababu sahani za chakula zilikuwa zimeshafika.

Mtahini alikuja mwezi wa Novemba, mama wa makamo kutoka upande wa Nairobi, mwenye kanzu ndefu ya kijivu na mafua makali. Baridi ya Kericho ilikuwa imemshinda. Aliketi mbele ya kompyuta yetu akiwa na leso mkononi, akacheza. Programu ilikwenda vizuri, ikagawa, ikafuata zamu, ikamwokotesha alipokosea. Kisha akaweka mfalme, zamu ikarudi nyuma, akakunja uso.

"Kwa nini imerudi?"

"Mfalme anarudisha, mwalimu," nikasema.

"Kwetu mfalme harudishi. Kwetu mfalme ni karata ya kawaida. Na nane si swali."

Nyuma yetu wanafunzi wengine walisogea. Kundi lililotutangulia lilikuwa limeulizwa jambo dogo kama hilo kuhusu duka lao, wakafungua faili baada ya faili mpaka muda ukawaishia. Mimi nilifungua Sheria peke yake. Nikafuta mistari miwili. Sikugusa Karata, sikugusa Pakiti, sikugusa Meza. Nikawasha mchezo tena, nikampa kiti, mfalme akapita kimyakimya kama mtu wa kawaida. Nimefanya makubwa zaidi tangu siku hiyo, mifumo ambayo majina yake nikiyataja hamtaamini, lakini sijawahi tena kusikia maabara nzima ikitoa sauti ile.

Yule mama hakutabasamu. Alipangusa pua, akanigeuzia mgongo, akamtazama Joel. "Huyu nimemwona anajua. Wewe niambie. Kwa nini karata haibebi sheria yake yenyewe? Mbili ni mbili, siyo?"

Lilikuwa swali la Joel mwenyewe, maneno yake mwenyewe, yale aliyoyapigania wiki nzima. Niliona midomo yake ikijaribu Kiingereza kisha ikikiacha.

"Mwalimu, mama yangu anachuma chai," akaanza. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo. Joel hakugeuka. "Amehamishwa kambi nyingi. Kuna kambi majani ya mvua yakifika kwa mizani yanapunguzwa uzito, kwa sababu ya maji. Kuna ingine hayapunguzwi. Mama ni yuleyule. Mikono ni ileile, kapu ni lilelile. Anachobeba yeye ni majani yake tu. Ile sheria haendi nayo, inabaki kule kambini. Sasa kama tungeiandika ndani ya mama," akasita, "kila akihamishwa tungelazimika kumvunja tumjenge upya."

Mtahini alimtazama, leso ikiwa imesahaulika mkononi. Kisha akaandika. Tulifaulu, mimi na yeye. Mimi niliongoza darasa, na cheti kiko ukutani Litein kwenye fremu, yeyote anaweza kuja kukiona. Joel alipewa kazi kiwandani kabla ya wiki mbili za Desemba kwisha. Mama Joel alichinja jogoo. Hata Senge Rael alituma mtu na kibuyu kizima cha mursik, pamoja na salamu kwamba ananiombea, na kwamba karata zikishaisha kazi zichomwe.

Kosa letu tuliliona siku ya kuhamia. Nyumba za makarani zilikuwa upande wa pili wa kiwanda, chumba na jiko la ndani, na taa ya umeme. Tulikuwa tumebeba godoro kichwani, mimi na Joel, Mama Joel nyuma na sufuria zake zimefungwa ndani ya kanga, wakati Langat alipotufikia mlangoni akiwa na ufunguo mpya. Hakuutoa. Alitazama sufuria.

"Joel. Nyumba za huku ni za karani, mke na watoto."

"Sina mke."

"Basi ni ya karani."

"Lakini kule kambini kila mtu anakaa na mama yake!" Joel akasema. "Na shangazi, na binamu. Wewe mwenyewe unajua, unawahesabu wewe!"

"Kule ni kule," Langat akasema, akitazama chini. "Huku kwa makarani mama hayumo. Nilidhani mnajua."

Hatukujua. Mwaka mzima tulikuwa tukikimbilia nyumba, na tulidhani nyumba ya chai ni nyumba ya chai, sheria moja kila mahali. Sisi wawili wenye diploma, tuliomfundisha mtahini. Joel alikalia godoro palepale kwenye majani, uso mikononi. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikaanza kupangusa vumbi godoroni. Mama Joel peke yake ndiye hakuonekana kushtuka. Aliweka sufuria chini, akajinyoosha kiuno.

"Na mgeni?" akauliza.

Langat akafikiri. Namjua alivyokuwa akifikiri. Alitazama upande kama mtu anayehesabu karata zilizobaki. "Mgeni anaruhusiwa," akasema polepole. "Wa siku mbili tatu." Akampa Joel ufunguo, akaondoka haraka, na hakugeuka.

Mimi nilikaa nao mpaka Februari, nikingoja safari ya ng'ambo. Pazia la bluu lilitundikwa tena, kitanda cha Mama Joel upande mmoja, chetu upande wa pili. Mwisho wa Januari kulikuwa na ukaguzi wa nyumba. Tulisikia funguo kabla ya kumwona mtu. Joel alisimama, akakaa, akasimama tena. Pengine nimechoka na mambo mengi ya dunia hii, na nimesema maneno mengi ya kujisifu ambayo nayasimamia, lakini alasiri ile ninaipenda mimi kama mtoto anavyopenda chakula cha kwao. Langat aliingia akiwa amevaa kofia ya kazi, akatazama sufuria juu ya meko, kitanda kilichotandikwa, kanga zilizoanikwa dirishani, kapu la saga. Alikuwa amekula kwenye sufuria ile miaka mingi kuliko mimi.

"Joel," akauliza, kwa ile sauti ya ofisi, "huyu mama ni nani?"

Joel akageukia jikoni.

"Mimi ni mgeni," Mama Joel akasema kutoka jikoni, bila kugeuka. "Nimefika jana. Naenda kesho."

Langat akavua kofia, akavuta kigoda, akaketi.

"Karibu Kericho, mama," akasema. "Umeonaje huku kwetu?"

"Kuna baridi," akajibu, akimmiminia chai.